Hubbert: Mtu Aliyehesabu Mafuta Kabla Hayajapungua

Wahenga walinena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna mtu mzima asiyeufahamu ukweli huo. Kazi ni kujua buyu lina asali kiasi gani, na ni lini mkono utaanza kukwaruza kitako chake. Katika karne ya ishirini alitokea mtaalamu mmoja wa Marekani aliyejaribu kulijibu swali hilo kuhusu mafuta ya petroli, wakati ambapo nchi yake ilikuwa imejaa mafuta na wakubwa wengi hawakupenda kulisikia likiulizwa. Mtaalamu huyo aliitwa Marion King Hubbert.

Amekwisha kufariki dunia kwa miaka mingi, lakini jina lake lingali likitajwa kila wanapokutana watu wa mafuta, wengine wakimsifu kama nabii na wengine wakimcheka kama mtu aliyepitwa na mambo. Wote wawili humwonea. Maisha yake yana mafunzo makubwa zaidi ya sifa na zaidi ya dhihaka, hasa kwa mataifa ambayo sasa ndiyo kwanza yanahesabu mafuta yake.

MTOTO WA MKULIMA

Hubbert alizaliwa tarehe 5 Oktoba, 1903, huko San Saba, katika jimbo la Texas, katika jamaa ya wakulima. Miaka isiyotimia mitatu kabla ya kuzaliwa kwake, yaani Januari 1901, kisima cha Spindletop karibu na mji wa Beaumont katika jimbo hilo hilo kilikuwa kimefoka mafuta kwa nguvu ambayo Marekani haikupata kuiona. Basi kijana huyu alikulia katika nchi iliyokuwa imeshikwa na homa ya mafuta, ambako mtu aliweza kulala maskini na kuamka tajiri kwa sababu ya kisima kimoja.

Yeye hakuufuata utajiri huo, bali aliifuata elimu. Baada ya masomo ya miaka miwili katika chuo cha Weatherford, hapo hapo Texas, alikwenda Chuo Kikuu cha Chicago, akajipatia shahada ya kwanza mwaka 1926, ya pili mwaka 1928, na ile ya udaktari mwaka 1937. Jambo lililomtenga na wenzake ni kwamba alisoma elimu ya miamba pamoja na fizikia na hesabu. Wataalamu wengi wa miamba wa siku zile walikuwa watu wa nyundo na macho, waliozoea kueleza walichokiona. Hubbert alitaka kipimwe. Kama jambo halikuweza kuandikwa kwa tarakimu, yeye aliliona kuwa bado halijafahamika.

Kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka 1931 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Hicho kilikuwa kipindi cha dhiki kuu ya uchumi, viwanda vimefungwa na mamilioni ya watu hawana kazi, ilhali ardhi, makaa na mafuta yapo vile vile. Yeye na Howard Scott wakawa miongoni mwa waanzilishi wa chama kilichojulikana kama Technocracy, kilichodai kwamba uchumi wa nchi uendeshwe na wataalamu, na kwamba thamani ya vitu ipimwe kwa nishati wala si kwa fedha. Chama hicho hakikufika mbali. Hata hivyo wazo moja lilibaki moyoni mwa Hubbert hadi uzee wake, nalo ni kwamba fedha katika vitabu vya benki zaweza kuongezeka bila kikomo, lakini vitu vilivyomo ardhini haviongezeki.

MIAKA YA SHELL

Mwaka 1943, baada ya kuitumikia kwa muda bodi ya serikali iliyoshughulikia uchumi wa vita, Hubbert aliajiriwa na kampuni ya Shell mjini Houston. Akadumu huko hadi mwaka 1964, na humo ndimo alimofanya kazi zilizompa heshima ya kudumu katika elimu ya miamba.

Tayari mwaka 1937 alikuwa ameeleza jinsi ya kuichunguza milima kwa mifano midogo. Alionyesha kwa hesabu kwamba ukitaka kuliiga bara zima juu ya meza, basi huna budi kutumia kitu laini kama tope, kwa maana mwamba ulio mgumu mikononi mwetu huwa kama ugali mbele ya uzito wa milima na umri wa mamilioni ya miaka. Mwaka 1940 aliandika juu ya mwendo wa maji ya chini ya ardhi na kuyasahihisha makosa yaliyokuwa yakifundishwa. Mwaka 1959 yeye na William Rubey walieleza jinsi maji yaliyobanwa ndani ya miamba yanavyoweza kuiinua, hata mabamba makubwa ya nchi yakateleza juu ya mengine.

Iko pia kazi ya mwaka 1957, aliyoifanya pamoja na David Willis, ambayo msomaji inampasa aikumbuke, maana tutairudia. Tangu mwaka 1947 wachimbaji walikuwa wamejifunza kuupasua mwamba kwa kusukuma maji mazito kisimani kwa nguvu, ili mafuta au gesi ipate njia. Wengi walidhani nyufa hizo hulala kama kurasa za kitabu. Hubbert na mwenzake walithibitisha kwamba ufa hufunguka kuelekea upande ambao mwamba umebanwa kidogo zaidi, na kwa hiyo katika sehemu nyingi hauwi wa kulala bali husimama wima. Tangu hapo upasuaji wa miamba ukawa na msingi wa elimu badala ya kubahatisha.

SIKU YA SAN ANTONIO

Tarehe 8 Machi, 1956, chama cha makampuni ya mafuta ya Marekani kilikutana mjini San Antonio, na Dakta Hubbert alialikwa atoe mada juu ya nishati ya atomiki na makaa, mafuta na gesi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kiasi cha kueleweka na mwanafunzi wa shule.

Alisema kwamba uchimbaji wa kitu chochote kisichozaliwa upya huanza na sifuri na kuishia na sifuri. Kati ya sifuri hizo mbili mstari hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na umbo lake huwa karibu na la kengele. Eneo lote lililo chini ya mstari huo haliwezi kuzidi jumla ya mafuta yanayoweza kutolewa katika nchi. Kwa hiyo ukijua yaliyokwisha kuchimbwa, ukijua yaliyothibitishwa kuwapo, na ukikisia kwa haki yale ambayo hayajavumbuliwa, hubaki na uhuru mdogo sana wa kuuchora mstari upendavyo.

Marekani wakati huo ilikuwa imekwisha kuchimba mapipa bilioni 52 hivi. Hubbert alichukua makisio mawili ya jumla yote, la chini likiwa mapipa bilioni 150 na la juu bilioni 200. Kwa kisio la chini kilele kingefika karibu na mwaka 1965, na kwa lile la juu karibu na mwaka 1970. Hapo ndipo palipowashtua wasikilizaji. Tofauti ya mapipa bilioni 50 ilikuwa sawa na kuvumbua mara nane uwanja wa East Texas, ambao ulikuwa miongoni mwa viwanja vikubwa kabisa vya nchi ile. Lakini hazina yote hiyo ingekiahirisha kilele kwa miaka mitano tu.

Sababu ni kasi ya ukuaji. Kitu kikiongezeka kwa asilimia 7 kila mwaka, huwa maradufu baada ya miaka 10, na matumizi ya miaka hiyo 10 hukaribia kulingana na yote yaliyotumika tangu mwanzo. Mbele ya mlaji wa namna hiyo hata ghala kubwa ni la muda mfupi.

Inasimuliwa kwamba ofisi kuu ya kampuni yake ilimpigia simu muda mfupi kabla hajapanda jukwaani, ikimsihi aziondoe sehemu zile za kutisha. Hakuziondoa.

MABISHANO

Kwa miaka kumi na zaidi Hubbert alionekana mtu wa ajabu. Wapinzani wake hawakuwa wajinga. Walikuwa na hoja, na iliyo nzito kupita zote ilitoka katika Idara ya Uchunguzi wa Miamba ya serikali. Mtaalamu wa idara hiyo, A. D. Zapp, aliona kwamba ardhi kubwa ya Marekani bado haijatobolewa visima vya kutosha, akakadiria kwamba jumla ya mafuta yote ni mapipa bilioni 590, yaani karibu mara tatu ya kisio la juu la Hubbert. Vincent McKelvey, aliyekuja kuwa mkuu wa idara hiyo mwaka 1971, aliyaunga mkono makisio ya namna hiyo.

Mwaka 1961 Rais Kennedy alikitaka Chuo cha Taifa cha Sayansi kichunguze mali asili za nchi, na Hubbert ndiye aliyeandika taarifa ya nishati iliyotoka mwaka 1962. Katika kazi hiyo na zile zilizofuata, alikwenda moja kwa moja kwenye mzizi wa hoja ya Zapp. Hoja ile ilisimama juu ya dhana kwamba kila futi ya kisima kipya itazaa mafuta sawa na futi za zamani. Hubbert akakusanya takwimu za uchimbaji wa miaka mingi, akaonyesha kwamba sivyo. Viwanja vikubwa huonekana mapema kwa sababu ni vikubwa, na kadiri visima vinavyozidi kuchimbwa ndivyo kila futi inavyozaa kidogo zaidi. Ni kama shamba la mihogo lililokwisha kuvunwa. Atakayerudi kuchimbua atapata mihogo, lakini hatapata kama ya wa kwanza.

Akaongeza jambo jingine la maana. Mafuta hayawezi kuchimbwa kabla hayajavumbuliwa. Basi mstari wa uchimbaji hauna budi kuufuata mstari wa uvumbuzi kwa kuchelewa miaka kadhaa. Uvumbuzi ulikuwa umekwisha kufika kileleni katika miaka ya 1950. Kwa hiyo hakuhitaji kupiga ramli. Alikuwa akitazama kivuli cha jambo lililokwisha kutokea.

Mwaka 1964 alistaafu Shell na kuhamia katika idara ile ile ya serikali iliyokuwa ikimpinga, akabaki humo hadi mwaka 1976. Wanaomkumbuka husema hakuwa mtu wa maneno matamu. Aliwasahihisha wakubwa kama alivyowasahihisha wanafunzi, na mabishano kati yake na McKelvey yalikuwa makali.

MWAKA 1970

Mwaka 1970 Marekani ilichimba wastani wa mapipa milioni 9.6 kwa siku, kisha uzalishaji ukaanza kupungua. Mwanzoni hakuna aliyetambua. Katika jimbo la Texas ilikuwapo kamisheni ya serikali iliyopanga kila kisima kitoe mafuta kiasi gani ili bei isianguke, na kwa sababu hiyo watu waliamini kwamba daima ipo akiba ya kufungulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamisheni iliruhusu visima vitoe vyote vilivyoweza. Mafuta hayakuongezeka kama ilivyotarajiwa. Akiba ile ilikuwa imekwisha.

Oktoba 1973 mataifa ya Kiarabu yalipoizuilia Marekani mafuta, nchi hiyo haikuwa tena na kisima cha kufungulia. Magari yakapanga foleni kwenye vituo vya petroli, bei ya pipa ikapanda takriban mara nne, na maumivu yake yakafika hata katika mataifa maskini yasiyohusika na ugomvi ule. Mwaka 1974 idara ya serikali ilikuwa bado ikisema kwamba mafuta yasiyovumbuliwa ni kati ya mapipa bilioni 200 na 400. Mwaka uliofuata iliyashusha makisio hayo hadi kati ya bilioni 50 na 127, ikamkaribia mtu iliyekuwa imembishia kwa miaka mingi.

Heshima zikamjia. Alipewa nishani ya Penrose mwaka 1973 na tuzo ya Vetlesen mwaka 1981. Katika miaka yake ya mwisho aliacha kuitegemea atomiki kama alivyofanya mwaka 1956, akaona kwamba tumaini kubwa zaidi ni nishati ya jua. Alifariki dunia tarehe 11 Oktoba, 1989, huko Bethesda katika jimbo la Maryland, akiwa na umri wa miaka 86.

HESABU BAADA YA MAUTI

Lau hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya ushindi mtupu, nayo isingekuwa ya kweli. Hata mwaka 1970 Hubbert alikuwa amepata tarehe kuliko alivyopata kimo. Mstari wake wa juu ulifika mapipa bilioni 3 hivi kwa mwaka, na uchimbaji wenyewe ukafika bilioni 3.5.

Kuhusu dunia nzima alikosea zaidi. Mwaka 1956 alikisia kwamba kilele cha dunia kitafika karibu na mwaka 2000, kwa mapipa bilioni 12.5 kwa mwaka. Mwaka 2000 ulipofika, dunia ilichimba zaidi ya mapipa bilioni 25, na uchimbaji uliendelea kupanda. Baadaye alitumia makisio makubwa zaidi, lakini kilele akakiweka bado kati ya miaka ya 1990 na 2000. Hakuweza kuchora katika karatasi yake vita, mapatano ya wauzaji, wala bei. Bei ilipopanda katika miaka ya 1970, watu walipunguza matumizi na wachimbaji wakaenda baharini na kwenye baridi kali, ambako kabla ya hapo hapakuwa na faida.

Kubwa kuliko yote lilitokea nchini kwake. Uchimbaji wa Marekani ulishuka hadi mapipa milioni 5 kwa siku mwaka 2008. Kisha ukapanda kama roketi. Wachimbaji walikuwa wamejifunza kukigeuza kisima kikalala ndani ya mwamba mgumu, kisha wakaupasua mwamba huo kwa maji. Mwaka 2018 Marekani ilikivuka kilele chake cha mwaka 1970, na mwaka 2023 ikachimba mapipa milioni 12.9 kwa siku. Msomaji atakumbuka kazi ya mwaka 1957. Nyufa zinazosimama wima, alizozieleza Hubbert mwenyewe, ndizo zilizompa adui nguvu za kuuvunja mstari wake.

Je, alikosea? Mafuta ya aina aliyoyahesabu, yale yanayotiririka yenyewe kutoka katika miamba yenye vinyweleo, yalipungua katika majimbo yale kama alivyosema. Yaliyoongezeka ni ya aina ambayo hakuitia katika jumla yake. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichobadilika ni mpaka wa ghala.

TAKWIMU NI SILAHA

Hapo ndipo lilipo funzo. Mtunza ghala wa kikosi hujua tofauti kati ya vitu vitatu: vilivyokwisha kutolewa, vilivyomo rafuni, na vile vilivyoahidiwa kuja. Afisa akiwapangia askari chakula kwa kuvichanganya hivyo vitatu, atawalaza njaa. Katika habari za mafuta mchanganyo huo hufanyika kila siku.

Akiba iliyothibitishwa si mafuta yote yaliyomo ardhini. Ni yale tu yanayoweza kutolewa kwa bei na ufundi uliopo. Huongezeka bei ikipanda, hupungua bei ikianguka, na hakuna tone lililoingia wala kutoka. Tena mwenye kuhesabu mara nyingi ndiye mwenye mali. Kati ya mwaka 1985 na 1990 wanachama kadhaa wa OPEC, wakiwamo Kuwait, Iran, Iraq na Saudi Arabia, walipandisha akiba zao kwa jumla ya mapipa bilioni 300 hivi bila kutangaza uvumbuzi wa kulingana na hayo, wakati ambapo migao ya kuuza ilikuwa ikigombaniwa. Wala makampuni si malaika. Mwaka 2004 Shell, mwajiri wa zamani wa Hubbert, ilikiri kwamba mapipa karibu bilioni 4, yaani sehemu moja kati ya tano ya akiba yake, hayakustahili kuitwa yamethibitishwa.

Jambo hili si la mbali. Katika bonde la Ziwa Albert nchini Uganda, ambako mafuta ya kutosha biashara yalithibitishwa mwaka 2006, serikali imetaja mapipa bilioni 6.5 kuwa ardhini, na yanayotazamiwa kutolewa kuwa bilioni 1.4 hivi. Tarakimu zote mbili ni za haki, lakini hazijibu swali moja. Mwananchi anayeota kwa ile ya kwanza na kukopa kwa ile ya kwanza, atalipa kwa ile ya pili. Hali kadhalika bomba la kilomita 1,443 linalokwenda Tanga hujengwa kwa kukisia kwamba kisima kitatoa kiasi fulani kwa miaka fulani, na kisio hilo lina mstari wake wa kupanda na wa kushuka kama ule wa San Antonio.

Hubbert hakuijua saa ya mwisho wa mafuta, wala hakuna aijuaye. Aliloliacha ni desturi njema: kuuliza kila tarakimu imehesabiwa na nani, kwa bei gani, ndani ya mpaka upi, na kutaja makisio mawili badala ya moja, ili watu waone upana wa kutojua kwao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenye tarakimu za kufurahisha tu halina tofauti na kutokuwa na daftari. Mtoto yule wa mkulima wa San Saba aliliweka lake wazi mbele ya watu wasiotaka kulisoma. Lilikuwa na makosa, na makosa hayo yakaonekana kwa sababu liliandikwa wazi.